Njumu za mkanda wa snomobili: kuchagua, kupima na kufunga

Snomobili, ile pikipiki ya theluji yenye skii mbili mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma, imetengenezwa kushika theluji. Barafu tupu ni habari nyingine. Kwenye ziwa lililoganda, au kwenye njia ya msituni iliyoyeyuka mchana na kuganda tena usiku, mpira hupita juu kama ndala kwenye kigae chenye sabuni. Ukibonyeza mafuta, mkanda unazunguka bure. Ukishika breki, mkanda unasimama lakini mashine inaendelea kwenda. Hapo ndipo njumu zinapohitajika: vyuma vyenye ncha vinavyopenya mkanda kutoka ndani, vikachomoza nje na kung'ata barafu.

Kazi yenyewe si ngumu, ila haina kufuta na kuandika upya. Tundu ukishalitoboa kwenye mkanda limetoboka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mambo ya kufanya kabla drili haijawaka. Na tunalisema mapema, kwa sababu wengi hulijua wakiwa wamechelewa: mahali njumu inapokaa ni muhimu kuliko idadi ya njumu. Njumu 96 zilizopangwa vizuri zitasimamisha mashine vizuri kuliko 144 zinazofuatana kwenye mistari ileile.

MKANDA WAKO UNAFAA?

Anza na kashata, yale meno ya mpira upande wa nje wa mkanda. Pima urefu wake kwa rula kutoka uso bapa wa mkanda hadi ncha ya kashata ndefu kuliko zote. Kashata za inchi 1 hadi inchi 1.25, yaani milimita 25 hadi 32, ndizo zinazokubali njumu bila taabu. Baadhi ya watengenezaji wa mashine wanakataza kabisa kutoboa mkanda wenye kashata za kuanzia milimita 35. Hawakatazi bure. Kadiri kashata inavyokuwa ndefu ndivyo njumu inavyotakiwa kuwa ndefu, na njumu ndefu inafanya kazi kama mtaimbo: barafu inaivuta nchani, nguvu inaongezeka shinani, na mpira unaozunguka tundu unachanika kidogo kidogo mpaka njumu inang'oka na kipande chake.

Mkanda wa milimani, wenye kashata za inchi 2 na zaidi, usiutoboe. Ukiwa unao na unakutana na barafu mara mojamoja, kuna skrubu ndogo zenye ncha ya kabaidi (madini magumu kuliko chuma cha kawaida) zinazozamishwa kwenye ncha za kashata zenyewe. Kwa mtu wa njia za kawaida ambaye hataki kutoboa, ipo mikanda inayotoka kiwandani ikiwa na ncha ndogo za chuma ndani ya kashata. Kampuni ya Camso inauza ya namna hiyo kwa majina Ice Ripper XT na Ice Attak XT. Haishiki barafu ngumu kama njumu kamili, lakini ni nyepesi, na ncha zake hazichomozi sana.

Kisha kagua hali ya mkanda. Ndani ya mpira, chini ya kila safu ya kashata ndefu, umelala ufito wa faibaglasi kutoka upande hadi upande. Kunja mkanda kwa mkono safu baada ya safu. Penye ufito uliovunjika, safu hulegea na kujikunja kirahisi kuliko jirani zake. Angalia pia nyufa pembeni mwa madirisha ya sproketi, yale matundu ya mkanda yanayoshikwa na gurudumu la meno linalouzungusha, na nyuzi zilizochomoza ukingoni. Mkanda wenye dalili hizo usiupe matundu mengine karibu mia. Badilisha mkanda kwanza.

Mikanda mingi ina vialama vidogo vya duara vilivyoumbwa kwenye mpira. Hivyo vimewekwa kuonyesha mahali njumu zinaporuhusiwa. Ukiviona, vifuate hivyo na si kiolezo cha mtu mwingine, kwa maana mtengenezaji ndiye anayejua fito na nyuzi zimepita wapi. Soma pia masharti ya dhamana ya mkanda kabla ya kutoboa.

Jambo la mwisho kabla ya kununua ni sheria ya mahali unapoendesha. Jimbo la Minnesota, Marekani, kwa mfano, linakataza njumu za chuma kwenye njia za umma zilizowekwa lami, hata kama juu yake kuna theluji. Uliza ofisi ya maliasili ya jimbo lako au klabu inayotunza njia unazopita.

NAFASI NDANI YA HANDAKI

Handaki ni lile bati refu la alumini linalofunika mkanda kwa juu kama paa. Kwenye mashine ambazo injini inapozwa kwa maji, rejeta zimebandikwa humohumo, chini ya bati na mara nyingi nyingine mbele karibu na sproketi, ili theluji inayorushwa na mkanda izipoze. Maana yake ni kwamba ncha za njumu zitakuwa zinapita sentimita chache tu kutoka kwenye maji ya injini. Njumu ikigusa inachana. Maji yanamwagika, injini inachemka, na huenda uko katikati ya ziwa saa kumi na moja jioni, kilomita nyingi kutoka kwenye nyumba ya karibu.

Usidanganyike na nafasi unayoiona mashine ikiwa imesimama gereji. Mkanda ukienda kasi unavimba kwenda nje kwa nguvu ya mzunguko. Mkanda uliolegea unarukaruka. Saspensheni ikibonyea kwenye tuta, mkanda mzima unapanda kuelekea kwenye bati. Ukipata nafasi ya sentimita tatu mashine ikiwa juu ya stendi, jua si tatu ukiwa unaendesha.

Kwa sababu hiyo, mashine yenye njumu inahitaji kinga za handaki: vipande virefu vya chuma au plastiki ngumu vinavyofungwa chini ya bati, vikashuka kupita rejeta, ili mkanda ukiruka ugonge kinga kabla ya kufika kwenye rejeta. Nunua zilizotengenezwa kwa modeli na mwaka wa mashine yako, kwa sababu rejeta hazikai mahali pamoja kwenye kila mashine. Kabla ya kutoboa bati ili kupitisha ribiti au bolti, angalia upande wa pili. Mara nyingi tangi la mafuta limekaa pale juu, na nyaya zimepita pembeni. Weka kizuizi kwenye ncha ya drili ili isizame zaidi ya unene wa bati, na chagua ribiti fupi. Kinga zifungwe kabla ya njumu, maana mkanda ukishakuwa na ncha, kuingiza mikono humo ni kujikata.

KUHESABU PINGILI NA NJUMU

Mkanda una pingili kama muwa. Pingili moja ni umbali kutoka katikati ya dirisha moja la sproketi hadi katikati ya dirisha linalofuata. Usipime pingili moja peke yake, kosa dogo la rula litakupotosha. Pima 10 kwa pamoja. Ukipata inchi 25.2, pingili yako ni ya inchi 2.52. Ukipata 28.6, ni ya inchi 2.86. Hizo ndizo utakazokutana nazo sana kwenye mikanda ya njiani. Kisha weka alama ya chaki kwenye dirisha moja, zungusha mkanda taratibu, na uhesabu mpaka alama irudi.

Hesabu zinakuja hivi:

Mkanda wa inchi 121, pingili 2.52: pingili 48
Mkanda wa inchi 129, pingili 2.52: pingili 51
Mkanda wa inchi 136 au 137, pingili 2.52: pingili 54
Mkanda wa inchi 129, pingili 2.86: pingili 45
Mkanda wa inchi 137, pingili 2.86: pingili 48
Mkanda wa inchi 146, pingili 2.86: pingili 51

Ziangalie tena hizo namba. Zote zinagawanyika kwa 3. Ndiyo sababu mpango unaojirudia kila pingili tatu unaisha sawasawa bila kubakiza kipande. Mpango wa pingili nne utakaa vizuri kwenye mkanda wa 48, lakini kwenye 51 au 54 utafika mwisho na kukuta njumu mbili zimelundikana au pengo limebaki. Mkanda wa namna hiyo hauna mzani: sehemu moja ni nzito na nyingine ni nyepesi, na kasi ikipanda unausikia mtikisiko kwenye usukani na kwenye kiti.

Njumu mbili kwa kila pingili ni kiasi cha kutosha kwa waendeshaji wengi wa njiani. Mkanda wa pingili 48 utachukua 96, wa 51 utachukua 102, wa 54 utachukua 108. Njumu tatu kwa pingili, yaani 144 kwa mkanda wa 48, ni za mashine yenye nguvu nyingi inayokimbia maziwani. Kuna kanuni ya zamani ya njumu moja kwa kila nguvu moja ya farasi. Inakupa makadirio tu, haikuambii zikae wapi. Kumbuka pia kwamba kila njumu ni uzito ambao injini inalazimika kuuzungusha na breki kuusimamisha, na kila tundu linapunguza uimara wa mkanda.

Nunua nyongeza ya njumu 6 pamoja na nati na mabamba yake. Zitatumika.

UREFU, NCHA NA BAMBA

Ncha ya njumu ikishafungwa inatakiwa ipite kashata ndefu kwa inchi 1/4 hadi 3/8, yaani milimita 6 hadi 9.5. Chini ya hapo kashata inabeba uzito wote na ncha inagusa barafu juujuu. Zaidi ya milimita 9.5 unarudi kwenye tatizo la mtaimbo, na unakula nafasi ya handaki.

Hapa wengi wanakosea dukani. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti haimaanishi kitu kimoja kwa kila kampuni, na unene wa mkanda wenyewe unameza sehemu ya shina. Njia ya uhakika ni kupata njumu moja ya urefu unaofikiria, kuifunga kabisa kwenye tundu la kwanza pamoja na bamba na nati yake, kulaza rula juu ya kashata mbili za jirani, na kupima ncha imechomoza kiasi gani juu ya rula. Milimita 7 au 8 ni nzuri sana. Ukiridhika ndipo ufungue pakiti nyingine.

Ncha ziko za namna mbili. Za chuma kilichotiwa ugumu ni za bei nafuu na zinauma vizuri zikiwa mpya, lakini kuvuka lami mara kadhaa kunazifanya butu. Za kabaidi ya tangsteni zinadumu. Ndizo za kununua kama njia zako zinakatiza barabara, na karibu zote zinakatiza. Udhaifu wa kabaidi ni kwamba ni ngumu lakini haipindi, hivyo ikigonga jiwe kwa kasi inaweza kumeguka. Kuhusu umbo, ncha iliyochongoka sana inazama upesi kwenye barafu ngumu ya ziwa, na ndiyo inayoisha mapema. Ya pembe pana inavumilia zaidi kwenye njia iliyochanganyika.

Kichwa cha njumu, kile kinachobaki ndani ya mkanda, kiwe kipana na chembamba. Kichwa kipana kinagawa mzigo kwenye nyuzi nyingi za mkanda. Kidogo kinajivuta na kupenya mpira kama kifungo kwenye shati lililochakaa.

Bamba hukaa nje, chini ya nati, na kuzuia njumu isiyumbe. Alumini ni imara, plastiki ni nyepesi. Kwa kashata za inchi 1, bamba la njumu moja linatosha. Kashata zikikaribia inchi 1.25, bamba refu la njumu mbili, moja kila upande, linasaidia sana, kwa sababu njumu mbili zilizofungwa pamoja haziwezi kulala upande mmoja kirahisi. Lakini bamba la njumu mbili linakulazimisha umbali maalumu kati ya matundu, kwa hiyo amua aina ya bamba kabla ya kupiga alama.

Hakikisha nati, mabamba na njumu ni vya kampuni moja na kipimo kimoja. Ziko njumu za uzi wa milimita 7 na za inchi 5/16, na nati ya moja haishiki nyingine.

KUPANGA ALAMA

Mkanda umegawanyika tepe tatu: mmoja wa katikati na mmoja kila pembeni, zikitenganishwa na madirisha. Weka njumu zako zote kwenye utepe wa katikati, isipokuwa una sababu nzito ya kufanya vingine. Zikiwa katikati zinakupa mshiko wa kuondoka na kusimama, huku mkia wa mashine ukibaki na uhuru kidogo kwenye kona, na skii zikaweza kuigeuza. Njumu za pembeni zinafunga mkia chini. Mashine inagoma kukata kona mpaka uongeze sana chuma kwenye skii, na usukani unakuwa mzito mikononi.

Sasa elewa jambo la mistari. Kama kila pingili ina njumu mbili na zote zimewekwa kwa umbali uleule kutoka katikati, njumu zako zote 96 zinapita kwenye mikwaruzo miwili tu. Ya kwanza inachimba, zinazofuata zinapita kwenye mfereji uliokwisha kuchimbwa. Umenunua njumu 96, ukatumia chache. Mpango wa pingili tatu unaondoa hasara hiyo: pingili ya kwanza njumu zikae karibu na katikati, ya pili zisogee nje kidogo, ya tatu zisogee nje zaidi, kisha rudia. Ukitazama kwa juu utaona umbo kama mishale inayofuatana. Mikwaruzo inakuwa sita badala ya miwili, na kila njumu inakuta barafu ambayo bado ni ngumu. Idadi ya kulia na kushoto iwe sawa.

Kabla ya kuhamisha mpango kwenye mkanda mzima, chungulia upande wa ndani. Utaona michirizi inayong'aa inayozunguka mkanda wote. Hiyo ni njia ya magurudumu madogo ya saspensheni na ya plastiki za reli, yaani vipande vya plastiki vilivyo chini ya reli mbili za saspensheni ambavyo mkanda huteleza juu yake. Hakuna kichwa cha njumu kinachoruhusiwa kukaa juu ya mchirizi huo wala mahali meno ya sproketi yanapogusa. Kichwa kikikaa njiani, kila mzunguko gurudumu linakipanda: raba yake inakatika, beringi inakufa, na njumu inalegea.

Kila alama iwe pia:
- kwenye sehemu bapa kati ya kashata, kamwe isiwe juu ya ufito;
- karibu na kashata ili mpira uishikilie njumu kwa nyuma, lakini si karibu kiasi cha bamba kuipanda kashata (bamba lazima lilale bapa lote);
- mbali na ukingo wa dirisha kwa kadiri bamba linavyoruhusu.

Tumia kiolezo cha plastiki kinachouzwa kwa mkanda wako, au kata chako kwa kadibodi ngumu chenye urefu wa pingili tatu kamili. Piga alama zote kwa kalamu ya rangi nyeupe. Zungusha mkanda mzima, hesabu, kisha mwambie mtu mwingine ahesabu. Zikipungua au kuzidi hata moja, tafuta kosa. Usianze kutoboa ukitumaini litajirekebisha mbele.

KUTOBOA

Unahitaji drili, kikata tundu cha mkanda, yaani kibomba cha chuma chenye ukingo mkali na uwazi pembeni, kipande cha ubao, chupa ya maji yenye sabuni kidogo, soketi ndefu inayopita ncha ya njumu bila kuigusa, glavu nene na miwani ya kazi. Kikata tundu nunua cha kampuni ileile ya njumu, kwa kuwa tundu linatakiwa liwe dogo kidogo kuliko shina. Drili ya kawaida ya chuma inachana nyuzi badala ya kuzikata, na tundu la nyuzi zilizochanika linaanza kupanuka siku ya kwanza.

Mashine iwe kwenye gereji yenye joto kwa saa kadhaa. Mpira baridi ni mgumu na unapasuka. Nyanyua nyuma kwa stendi imara na ulegeze bolti za kukaza mkanda. Inawezekana kufanya kazi yote saspensheni ikiwa ndani, ukizungusha mkanda hatua kwa hatua. Lakini kwa mtu wa mara ya kwanza tunashauri itolewe. Saa moja ya kufungua bolti zake inakuokoa saa nyingi za kupapasa vichwa vya njumu kwa vidole mahali usipoona.

Toboa kutoka nje kwenda ndani, ubao ukiwa nyuma ya mkanda. Loweka kikata kwa maji ya sabuni. Usitumie mafuta wala grisi, vinadhuru mpira. Shika drili wima kabisa. Ikilala kidogo, njumu nayo italala hivyohivyo maisha yake yote. Sukuma kwa uzito wa mkono tu. Kikata kikiwa kikali utasikia mpira ukiachia, kisha ukinzani wa nyuzi unaokwaruza kidogo, kisha ubao. Unapokichomoa, ndani ya kibomba kutakuwa na kipande cha duara cha mpira chenye nyuzi za kitambaa ukingoni. Kama nyuzi hizo zimekatika safi, endelea. Zikiwa zimevutika kama mkia, kikata kimeanza kuwa butu, kinoe au badilisha. Ondoa kipande hicho kila tundu, usingoje vijazane na kukiunguza.

Toboa tundu la kwanza, funga ile njumu ya majaribio, pima kwa rula kama tulivyoeleza, na uangalie upande wa ndani kama kichwa kimeepuka mchirizi. Baada ya hapo toboa mengine yote.

KUFUNGA

Lowesha shina kwa maji ya sabuni, lipitishe kutoka ndani, na livute nje kwa kifaa cha kuvutia kinachojifunga kwenye uzi. Usigonge ncha kwa nyundo: kabaidi itameguka. Weka bamba, upande wake bapa ukitazama mpira, kisha nati ya kujifunga. Kwa nati ambazo pande zake mbili hazifanani, angalia maelekezo ya pakiti kuhusu upande unaozama kwenye bamba.

Kaza kwa mkono na racheti. Mashine ya kukazia kwa upepo itumie kufikisha nati chini tu, mwisho malizia mwenyewe, kwa sababu mpira haukupi ishara mapema na alumini haisamehi. Alama ya kutazama iko ndani: kichwa cha njumu kinajivuta taratibu kuingia kwenye mpira mpaka uso wake unalingana na uso wa mkanda. Pitisha kidole. Ukikisikia kichwa kimesimama kama sarafu juu ya meza, bado. Kikilingana na mpira, acha. Ukiendelea, bamba litaanza kujikunja kama kisahani na mpira utavimba pembeni yake. Hapo umeshazidisha, uzi umeanza kuumia, na njumu hiyo ibadilishwe.

Isiyokazwa vya kutosha ni mbaya zaidi, kwa vile haionekani. Njumu inacheza kidogo kila inapogusa barafu, tundu linapanuka, maji yanaingia kwenye nyuzi na kuganda. Baada ya wiki chache inatoka yenyewe.

KUREJESHA MKANDA NA KUJARIBU

Rudisha saspensheni na kaza mkanda kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako, ukielekea upande wa kukaza zaidi wa kiwango hicho, kwa sababu mkanda wenye njumu ukilegea unapiga juu kwa chuma. Angalia pia ulinganifu: umbali kati ya klipu za mkanda (vile vipande vya chuma vilivyobanwa pembeni mwa madirisha) na reli uwe sawa kulia na kushoto. Zungusha mkanda kwa mkono mzunguko mzima, injini ikiwa imezimwa, na usikilize. Mgongano wowote utafute ulipo.

Injini ikiwashwa nyuma ikiwa imenyanyuliwa, asiwepo mtu nyuma ya mashine wala pembeni mwa mkanda. Elekeza nyuma kwenye ukuta au kinga nzito, na hakikisha lile pazia la mpira la nyuma lipo. Njumu iliyofungwa vibaya ikichomoka inaruka kwa nguvu ya kuua.

SKII LAZIMA ZIFUATE

Ukiweka njumu bila kugusa skii umefanya nusu ya kazi. Mshiko wa nyuma umeongezeka, wa mbele uko vilevile: ukikata kona, mkanda unasukuma mashine moja kwa moja na skii zinateleza. Chini ya kila skii kuna chuma chenye kipande cha kabaidi. Kwa njumu 96 kabaidi ya inchi 4 hadi 6 kwa kila skii ni ya kawaida, na kwa 144 watu hupanda hadi inchi 7 au 8. Ukizidisha mbele kuliko nyuma, mambo yanageuka. Skii zinang'ata, mkia unakimbia, na mashine inazunguka juu ya barafu. Jaribu kwa kasi ndogo mahali pa wazi, kisha rekebisha.

MATUNZO

Baada ya safari ya kwanza kaza nati zote tena, kwa sababu mpira unakuwa umelala chini ya mabamba. Baada ya hapo kagua kila unaposafisha mashine. Njumu iliyopinda itolewe, usiinyooshe, maana ikinyooshwa imeshavunjika ndani. Tundu lililochanika usilirudishie njumu ileile. Kama mpanuko ni mdogo, kichwa kipana zaidi na bamba kubwa vinaweza kulishika. Kama nyuzi zimeachia, liache wazi, na toboa jingine kwenye pingili hiyohiyo mahali penye mpira mzima, ukitoa pia mwenzake wa upande wa pili ikibidi ili mzani ubaki.

Kwenye barafu isiyo na theluji, plastiki za reli zinakosa cha kuzilainisha na kuzipoza. Njumu haziondoi tatizo hilo, zinakupa tu ujasiri wa kwenda mbali zaidi huku plastiki ikiyeyuka. Pita pembeni penye theluji laini kila baada ya muda. Unapovuka lami, vuka polepole bila kubonyeza mafuta kwa ghafla. Na kwenye trela, tandika mikeka minene ya mpira au reli za plastiki mahali mkanda unapopita, kisha sukuma mashine kwa mkono kila inapowezekana, kwa sababu njumu zinazozunguka bure zinatafuna ubao wa trela kwa sekunde chache tu.